Boksi linasema gigabiti tisa, faili bado linasuasua: namna ya kuupima mtandao mpya wa ofisini

Ukiingia kwenye maduka ya kompyuta ya Kariakoo, au yale ya Luthuli Avenue kule Nairobi, siku hizi utaonyeshwa ruta yenye antena nyingi na boksi lililoandikwa "Wi-Fi 7" pamoja na namba kubwa kama BE9300. Utaambiwa ukifunga hii, mtandao utakuwa moto. Mwenye ofisi ananunua, fundi anafunga, na baada ya siku chache wafanyakazi wanaanza kuulizana: mbona mambo ni yaleyale? Wengine wanaamua kwamba wameuziwa feki. Mara nyingi si feki. Kifaa ni kizima na kinafanya kazi yake, ila hakuna aliyejiuliza kinaharakisha nini hasa, wala aliyepima kabla ya hela kutoka.

Kupima mtandao mpya hakuhitaji shahada. Kunahitaji kujua vitu vichache kwa mpangilio, na kuwa na kompyuta mbili.

Tuanze na kutenganisha mambo. Ndani ya ofisi kuna mitandao miwili inayokutana kwenye ruta. Wa kwanza ni mtandao wa ndani: nyaya, swichi (kisanduku chenye matundu mengi kinapokutana nyaya zote) na waifai vinavyounganisha kompyuta, printa, kamera za ulinzi na seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili ya wote, zilizomo ndani ya jengo lako. Huo ni mali yako, haulipiwi bando, na kasi yake unaiamua wewe kwa vifaa ulivyonunua. Wa pili ni intaneti, inayoingia kutoka kwa kampuni ya simu au ya faiba, na kasi yake inaamuliwa na kifurushi unacholipia.

Tofauti hiyo ilionekana wazi tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Watu wakasema "mtandao umekufa". Ofisi zilizokuwa na seva yao ndani ya jengo ziliendelea kufungua mafaili na kuchapa barua kama kawaida, kwa sababu kazi ile haikuwa ikipita baharini.

Fikiria mabomba ya maji. Intaneti ni bomba la mamlaka ya maji linalokuja mpaka getini. Mtandao wa ndani ni mabomba yaliyomo ndani ya nyumba. Ukibomoa ukuta na kuweka mabomba ya inchi mbili nyumba nzima, maji yanayotoka mtaani hayaongezeki hata ndoo moja. Lakini ukiwa na tangi kubwa uani, yaani seva au diski ya pamoja inayotumiwa na ofisi nzima, yale mabomba mapana yanakuwa na maana kubwa, kwa sababu maji yanatoka kwenye tangi lako mwenyewe. Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kununua chochote ni hili: kazi zetu za kila siku zinachota kutoka tangini, au zinachota kutoka mtaani? Ofisi ambayo kila kitu chake kiko kwenye barua pepe na WhatsApp, na inalipia intaneti ya megabiti 20, haitaona faida ya mtandao wa ndani wa gigabiti kumi. Studio ya kuhariri video, kiwanda cha uchapaji, hospitali inayotunza picha za eksirei, chuo chenye maabara ya kompyuta arobaini zinazofungua masomo kutoka seva moja: hao wataiona siku hiyohiyo.

Sasa vipimo. Kasi ya mtandao huhesabiwa kwa biti kwa sekunde, ukubwa wa faili huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Ndiyo maana mtandao wa gigabiti moja, yaani megabiti 1,000 kwa sekunde, hauwezi kuhamisha zaidi ya megabaiti 125 kwa sekunde. Na hata hizo 125 hazifikiwi, kwa kuwa kila kipande cha data husafiri na anwani yake na taarifa za ukaguzi zinazokula nafasi. Kinachobaki kwa faili lako ni megabiti 940 hivi, sawa na megabaiti 117 kwa sekunde. Ishike namba hiyo ya 940, tutaihitaji mbele. Anayelalamika kwamba amenunua gigabiti halafu kompyuta inamwonyesha 117 hajaibiwa kitu. Anasoma kipimo kingine.

Teknolojia ya waya inayotumika karibu kila ofisi inaitwa Ethaneti. Ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, California, na Robert Metcalfe na David Boggs, ikiwa na kasi isiyofika megabiti tatu. Mwaka 1995 ilifika megabiti 100. Gigabiti moja juu ya waya wa shaba ilikuja 1999, gigabiti kumi mwaka 2006, kisha mwaka 2016 zikaongezwa ngazi mbili za katikati, 2.5 na 5. Hizi za mwisho zina sababu inayotuhusu sana: wahandisi walitaka kasi zaidi kwenye nyaya ambazo tayari zimo ukutani, ili mtu asilazimike kuvunja plasta. Waya huandikwa daraja lake kwenye ganda: wa Cat 5e uliowekwa vizuri unabeba gigabiti 2.5 kwa mita 100. Cat 6 unabeba gigabiti kumi kwa umbali wa mita 55 hivi, na Cat 6A unazibeba mita 100 kamili.

Tuchukue kazi moja tuifuate mpaka mwisho. Studio inarudi kutoka harusini na gigabaiti 60 za video zinazotakiwa kuingia kwenye seva ili wahariri wawili waanze kazi. Kwenye mtandao wa megabiti 100, kazi hiyo inachukua kama dakika 85. Kwenye gigabiti moja ni dakika nane na nusu. Kwenye gigabiti 2.5 ni dakika tatu na nusu hivi. Kwenye gigabiti kumi hesabu inasema chini ya dakika moja, na hapo ndipo wengi wanapotoa hela. Lakini iangalie diski ya seva. Kama ni ile ya kuzunguka, inaandika megabaiti 200 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri. Gigabaiti 60 kwa mwendo huo ni dakika tano, hata kama waya ungeweza kubeba mara tano yake. Umelipia gigabiti kumi, umepata kazi ambayo hata 2.5 ingeimaliza.

Hiyo ndiyo kanuni ya mchezo wote: mtandao unakwenda kwa kasi ya kipande chake dhaifu kuliko vyote. Kadi ya kompyuta, waya, tundu la ukutani, swichi, waya mwingine, kadi ya seva, diski ya seva. Vyote vikiwa vya gigabiti kumi isipokuwa kimoja cha megabiti 100, una mtandao wa megabiti 100.

Na hicho kimoja hujificha mahali usipopatarajia. Mfano ambao mafundi hukutana nao sana ni simu ya mezani ya ofisini. Meza nyingi zina tundu moja tu la mtandao, kwa hiyo waya unaingia kwenye simu, kisha mwingine mfupi unatoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta. Simu nyingi za zamani zina matundu ya megabiti 100. Kompyuta mpya, swichi mpya, waya mpya, lakini kila kitu kinapita kwenye tumbo la simu ya miaka kumi iliyopita.

Mfano mwingine uko ndani ya waya wenyewe. Fungua kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kinachoingia kwenye tundu la mtandao, utaona nyaya nane, yaani pea nne: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Kwa mpangilio wa kawaida, megabiti 100 zinahitaji pea mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Gigabiti inahitaji zote nne. Sasa fundi akibana kichwa kwa haraka na waya mmoja wa kahawia usifike mwisho, kompyuta haigomi. Taa inawaka, intaneti inafunguka, fundi analipwa na kuondoka. Vifaa viwili vimekubaliana kimyakimya kushuka mpaka megabiti 100, na hakuna atakayejua mpaka siku mtu atakapohamisha faili kubwa. Kuikagua ni kazi ya dakika moja: fungua mipangilio ya mtandao kwenye Windows, tafuta mstari wa kasi ya kiungo. Ukisoma 1000/1000, pea zote zimefika. Ukisoma 100/100 kwenye mtandao ulioambiwa ni wa gigabiti, anza na vichwa vya waya kabla hujailaumu swichi.

Kuhusu waya wenyewe nasema bila kuzunguka: usinunue ule wa alumini iliyopakwa shaba. Ni mwepesi, ni wa bei nafuu, na ganda lake linaweza kuwa limeandikwa Cat 6 kwa herufi nzuri kabisa. Kwangua waya mmoja mwembamba kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha ndani, hiyo ni alumini. Inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, inakatika kirahisi ikikunjwa, na ukiutumia kupeleka umeme kwenye kamera za ulinzi unapata joto zaidi ndani ya waya uliofichwa darini. Waya ukishaingia ukutani utakaa humo miaka mingi, wakati swichi na ruta hubadilishwa. Kama bajeti ni ndogo, kipunguze kile kitakachobadilishwa.

Turudi kwenye boksi la waifai, maana ndiko kwenye mkanganyiko mkubwa. Namba iliyoandikwa nje ni jumlisho. Ruta ya kizazi cha sita, yaani Wi-Fi 6, iliyoandikwa AX3000 ina megabiti 2,402 kwenye masafa ya gigahezi 5, na 574 kwenye gigahezi 2.4. Zimejumlishwa, zikafanywa elfu tatu. Simu yako haiwezi kuzipata zote, kwa sababu inaunganishwa kwenye masafa mamoja. Na ili ipate zile 2,402, lazima nayo iwe na uwezo wa kutumia chaneli, yaani njia ya hewani, pana ya megahezi 160. Simu nyingi zinaishia megahezi 80, ambako kilele ni 1,201. Halafu geuza ruta uangalie nyuma: nyingi za kundi hilo zina matundu ya waya ya gigabiti moja. Hewani kuna elfu mbili na mia nne, lakini data inayotoka kwenye seva inaingia kwenye ruta kupitia mlango wa elfu moja.

BE9300 ni hadithi ileile kwa namba kubwa zaidi: gigahezi 6 inachangia kama 5,760, gigahezi 5 kama 2,880, na salio ni gigahezi 2.4. Hiyo 5,760 inahitaji chaneli ya megahezi 320, ambayo inapatikana kwenye masafa ya gigahezi 6 peke yake, na inahitaji kifaa kinachoweza kuisikia. iPhone 16, iliyotoka Septemba 2024 ikitangazwa kuwa na Wi-Fi 7, inaishia megahezi 160. Kwa hiyo hata mwenye simu hiyo hafiki nusu ya namba ya boksi.

Kuna na suala la sheria. Masafa hugawiwa na serikali, si na mtengenezaji wa ruta. Marekani ilifungua megahezi 1,200 za gigahezi 6 kwa waifai mwaka 2020. Ulaya ilifungua sehemu ya chini tu, megahezi 480, ambamo inaingia chaneli moja tu ya megahezi 320. Kwa huku kwetu wenye neno ni mamlaka za mawasiliano: TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya, UCC kwa Uganda. Kabla ya kununua ruta kwa ajili ya gigahezi 6, mwombe muuzaji akuonyeshe kwamba aina hiyo imeidhinishwa nchini mwako na kwamba masafa hayo yanawaka ukiweka nchi yako kwenye mipangilio. Tathmini uliyoisoma ya mtu aliyepima ruta hiyo Texas inahusu hewa ya Texas.

Wi-Fi 7 yenyewe, ambayo Wi-Fi Alliance, muungano wa kampuni za vifaa vya waifai, ilianza kuitolea cheti Januari 2024, si danganya toto. Ina maboresho ya kweli. Inaweza kukitumikia kifaa kimoja kwa masafa mawili, hivyo moja likisongamana data inapita kwa lingine. Inapakia biti 12 katika kila mpigo wa mawimbi, ambapo kizazi cha sita kilipakia kumi, ingawa hilo linahitaji uwe karibu na ruta na hewa iwe safi. Ila ubora huo unapungua ukutani. Masafa ya juu hupenya kwa shida, na nyumba zetu ni za matofali ya saruji na zege. Kwenye majengo ya Mji Mkongwe Zanzibar au ya Lamu, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe, gigahezi 6 huenda isitoke chumba kilichomo. Hapo dawa ni kuvuta waya na kuweka kituo kidogo cha waifai katika kila chumba kinachohitaji. Nguvu ya ruta moja kubwa haitashinda ukuta wa namna hiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu hewa, maana linaeleza malalamiko mengi. Kwenye waya, swichi inampa kila mtu njia yake. Kwenye waifai, vifaa vyote vilivyo chaneli moja vinapokezana: kimoja kikizungumza, vingine vinanyamaza. Kifaa cha zamani, au kilicho mbali, kinatuma data taratibu, kwa hiyo kinashika zamu kwa muda mrefu kwa kazi ileile. Basi kuna ukweli katika ile kauli kwamba simu moja ya zamani inaweza kuwapunguzia wengine kasi. Haiwashushi wote wafikie kasi yake, kama inavyodaiwa mitaani, lakini inakula muda wao wa hewani. Mistari minne ya waifai kwenye kioo haikuambii habari hiyo hata kidogo. Inakuambia unaisikia ruta vizuri, haikuambii foleni ni ndefu kiasi gani.

Sasa tupime. Kosa la kwanza la wapimaji ni kufungua tovuti ya kupima kasi ya intaneti. Ile inapima safari yote mpaka seva iliyoko nje, na jibu lake karibu kila mara ni kifurushi chako. Kwa mtandao wa ndani tumia iperf3, programu ya bure isiyogusa diski wala intaneti. Iweke kwenye kompyuta mbili. Ya kwanza, chapa:

iperf3 -s

Ya pili, ukiweka anwani ya ile ya kwanza (192.168.1.20 hapa ni mfano tu):

iperf3 -c 192.168.1.20 -t 60

Itatuma data kwa sekunde 60 na kukupa wastani. Rudia ukiongeza -R mwishoni ili data irudi upande wa pili, kwa sababu matatizo mengine huonekana upande mmoja tu. Kwa waya wa gigabiti unatafuta ile 940 niliyoitaja. Ukipata 94, umeshajua: kuna kipande cha megabiti 100 njiani. Ukipata 600 inayopandashuka, shuku kompyuta dhaifu au waya mbovu. Kwa waifai, ukipata nusu ya kasi ambayo kompyuta inasema imeunganishwa nayo, hiyo ni hali ya kawaida, na ukizidi hapo shukuru.

Baada ya hapo nakili faili halisi kutoka seva. iperf3 ikisema 940 na faili likaenda kwa megabaiti 30 kwa sekunde, mtandao hauna kosa. Iangalie diski, au angalia kama ni maelfu ya mafaili madogo, ambayo siku zote huenda polepole kuliko faili moja kubwa.

Pima kabla ya kubadilisha kitu chochote, uandike, halafu upime tena baada ya kubadilisha, kutoka meza zilezile. Na usipime Jumapili jioni ofisi ikiwa tupu. Pima saa nne asubuhi watu wote wakiwa kazini, mtu mmoja ananakili faili kubwa na mwingine yuko kwenye mkutano wa video. Wakati huohuo acha ping, amri inayopima muda wa ujumbe mdogo kwenda na kurudi, ikielekea kwenye ruta. Kwa waya majibu yanatakiwa yarudi chini ya milisekunde moja. Kwa waifai milisekunde chache ni sawa. Zikianza kuruka mpaka mia mbili kila faili linaponakiliwa, utaelewa kwa nini sauti za mkutano hukatika ingawa kipimo cha kasi kinapendeza.

Usisahau usalama. Kwenye gigahezi 6 ulinzi wa WPA3 ni lazima, na printa na simu za zamani nyingi haziujui. Jaribu vifaa vyote ulivyonavyo kabla ya kuirudisha ruta ya zamani stoo, la sivyo mhasibu atakuja kugundua printa ya risiti haiunganishwi mwisho wa mwezi.

Kwa ofisi ya kawaida yenye watu kumi mpaka thelathini, ningeweka hela kwanza kwenye waya wa shaba halisi wa Cat 6 mpaka kila meza isiyohama, swichi ya gigabiti, na diski ya kisasa kwenye seva. Gigabiti 2.5 ningeiweka kati ya swichi na seva, na kwa wale wawili watatu wanaoshika mafaili mazito. Waifai mpya ingekuja baadaye, kwa ajili ya simu na kompyuta mpakato, na Wi-Fi 6 inatosha kwa hilo kwa bei ya chini. Wi-Fi 7 ningeinunua pale ambapo vifaa vya watumiaji vyenyewe ni vya kizazi hicho.

Na katika makubaliano na fundi, andika kwamba malipo ya mwisho yatatoka baada ya kila tundu la ukutani kubandikwa namba yake na kupimwa, matokeo yakiandikwa kwenye karatasi: namba ya tundu, kasi ya kiungo, jibu la iperf3 kwa kwenda na kurudi. Fundi mzuri hatakataa, maana na yeye anataka kujua. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la swichi, ili atakayekuja miaka mitatu baadaye kwa sababu tundu namba 14 limekuwa zito ajue siku ya kwanza lilikuwa linasoma ngapi.